Kijumba cha K

Chuo cha sanaa, Norwich, ghorofa ya chini kabisa,
ile wageni wanayoonyeshwa mwisho, wakiwa wameshachoka:
chumba kinanuka mafuta ya taa na risasi.
Juu yetu mmoja anashona koti kwa mipira ya maji,
mwingine anafuga ukungu kwenye mkate
na kuupiga picha kila saa.
Mimi nilishuka. Nilitaka kazi yenye uzito mkononi.

Bwana Thirtle, fundi wa chapa, akavuta droo.
"Hapa herufi hazilali kwa alfabeti," akasema.
"Zinalala kwa kadiri zinavyoitwa."
E ana ukumbi katikati, amejaa hadi ukingoni.
T na N wana vyumba vya heshima.
K yuko pembeni, mkono unakofika kwa shida,
kijumba cha kiberiti, jirani yake J.
Miaka na miaka mbao hii imesikiliza Kiingereza
ikachongeka kwa umbo la mdomo wake.

Nilikuwa na shairi la Mama.
Alikuwa karani wa shamba la mkonge, Korogwe,
hajawahi kuandika barua isiyo na vina,
hata ile ya kudai mshahara.
Liliingia kwenye simu Januari, usiku aliponisikia nikikohoa:

*kukikucha jifunike, kikikaba kikohozi,*
*kikombe moto ushike, usidharau mavazi,*
*wakicheka na wacheke, kicheko si kizuizi,*
*ukikosa usichoke, kukosa nako ni kazi.*

Nikapanga, herufi zikiwa kichwa chini,
vidole vyeusi, dirishani mto Wensum na ukuta wa gumegume
unaong'aa mvua kama magamba.
Mstari wa kwanza peke yake ulikula K tisa.
Bwana Thirtle akautazama mkono wangu ukirudi,
ukirudi tena pembe ileile.
"Lugha yako," akasema, "ina njaa ya kitu kimoja."
Zilikuwemo kumi na sita.
Ziliniishia katikati ya kicheko.

Nikauliza kama naweza kuweka C.
(Mama angepanda ndege.)
Hakunijibu. Akaokota herufi tisa, zozote tu,
akazipindua, uso chini, nyayo juu.
"Walionifundisha walifanya hivi.
Maana yake: hapa pana mtu, yuko njiani."
Tukapaka wino, tukavuta, tukabandua karatasi:

*wakicheka na wacheke, kiche■o si ■izuizi,*
*u■i■osa usicho■e, ■u■osa na■o ni ■azi.*

Juni, maonyesho.
Mwanamume mwenye skafu ya manjano alisimama muda mrefu.
"Jeraha," akamwambia mwalimu wangu. "Ukimya wa waliohama."
Mwalimu akaandika kitu. Nami nikaitikia kwa kichwa,
nikiangalia viatu vyangu.
Nilihitaji alama.

Nikamtumia Mama picha.
Akarudisha sauti yake, sekunde ishirini na tano,
nyuma yake redio inataja bei ya mahindi.
Alilisoma lote. Hakujikwaa popote.
Alizipita nyayo zile tisa
kama mtu anayekwenda chooni kwake usiku bila taa.
Mwishoni akauliza:
"Na hao wadudu weusi, ndio pambo la huko?"

Jumatatu nilishuka kurudisha herufi kwenye kasha.
Juu ya meza kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki,
kizito kuliko ukubwa wake, kimeandikwa K kwa penseli.
Bwana Thirtle alikuwa amepiga magoti,
msumeno mdogo mkononi, unga wa mbao kwenye nyusi,
anabomoa ukuta kati ya vijumba viwili.
"J halalamiki," akasema bila kuinua macho.
"Nimemuuliza."